Mfarika wa Nadhiri

Kwetu, kondoo jike aliyekomaa lakini hajapandwa wala kuzaa anaitwa mfarika. Sisi tulikuwa na mmoja, amefungwa peke yake nyuma ya jiko, nami ndiye niliyemkatia majani. Baba, fundi cherehani katika mtaa wa Waislamu hapa Gisenyi, alikuwa ameweka nadhiri: dada yangu, ambaye mimba mbili zilishamtoka, akijifungua salama, siku ya saba anachinjwa mfarika. Si kondoo yeyote tu. Mfarika.

Yote hayo niliyajua. Na bado, Ijumaa moja wakubwa wakiwa msikitini, nilimwingiza uani kondoo dume wa jirani ili wenzangu wa shule wacheke. Walijipanga ukutani kama mashahidi wa ndoa, mimi nikasoma hotuba kwa sauti ya shehe mwenye mafua. Mmoja alicheka hadi akakaa chini. Kisha nikamrudisha dume kwao, nikasahau.

Miezi mitatu baadaye mtoto wa dada akazaliwa, hai, mdogo sana, hataki ziwa, hana nguvu hata za kulia. Mpaka siku ya saba walikuwa bado wanamdondoshea maziwa kwa kijiko. Baba akanoa kisu, akaniambia nishike miguu. Nilipomlaza kondoo, mkono wangu ukagusa tumbo. Gumu, limejaa.

“Baba, huyu si mfarika tena.”

“Nani amesema?”

“Mi ndo nilimuletea dume ya jirani. Tulikuwa tunacheka tu.”

Nilingoja kofi. Baba akafuta kisu ambacho hakikuwa na damu.

“Bon, sawa. Mi naenda soko ya Busasamana kutafuta mwingine. We ingia ndani, umwambie dada yako. Na umuchekeshe, kama unaweza.”

Dada alikuwa ameketi mkekani, ziwa liko mdomoni mwa mtoto, halinyonywi. Nilimweleza nikitazama miguu yangu. Mzaha niliouandaa mlangoni haukutoka.

Akauliza, “Iko na mimba ya miezi ngapi?”

“Tatu.”

“Mulimuangusha?”

“Nilimulaza. Polepole.”

“Musimulaze tena.” Akamsogeza mtoto karibu zaidi. “Mutu asimusukume. Mufungulie kamba, umupe maji.”

Nikatoka, nikamfungulia. Alikunywa, akaenda zake kwenye majani. Mimi nilibaki pale na ndoo mkononi, masikio yangu yako ndani, nikingoja mtoto alie.