Niitieni Wafula

Kabla ya hospitali nianze na ng'ombe, mtanivumilia. Baba yangu alikuwa na dume moja la kulima, jeusi, huko kwetu upande wa Kesses. Asubuhi moja ya mvua likavunja ua, likaingia kwa majani mabichi ya jirani, likala mpaka tumbo likafura kama ngoma na likaanguka. Jirani mwenyewe aliyeliwa majani ndiye alikuja mbio na kisu chembamba. Hakuomba ruhusa. Alipapasa ubavu wa kushoto, nyuma ya mbavu ya mwisho, akadunga mara moja. Upepo ukatoka fyuuu, mama akashika pua, na dume likasimama likajitikisa.

Baba hakusema asante. Tangu siku hiyo akimwona yule jirani njiani anapita kando, na wakikutana kwa mtungi wa pombe anachomoa mrija wake anaenda nyumbani. Mimi nilikuwa nimeshatoka jandoni, nikamcheka baba sana. Nilisema huyu mzee ana nini? Kumbe pua nimerithi kwake, na hiyo tabia pia.

Basi, hospitali. Niliingia kazi Eldoret nikiwa na darasa la nne, na hilo la nne sikulimaliza. Siku yangu ya kwanza fundi alikuwa juu ya ngazi anatundika picha ya Rais mpya, kwa hivyo mwaka mtahesabu wenyewe. Tuliandikwa wawili siku hiyo, mimi na Wafula. Wafula alikuwa Mbukusu mrefu, mpole, shule yake kama yangu. Sista wa wodi ya wanaume akatupanga mbele ya meza yake.

"Nyinyi wawili, mnaogopa mavi?"

"Hapana, Sista," Wafula akasema.

"Inategemea ni ya nani," nikasema mimi.

Sista hakucheka. Akatupatia ndoo, gamubuti na aproni za plastiki, na hapo ndipo nilianza kujua matumbo ya watu wazima.

Kwetu huku juu kuna ugonjwa wa utumbo kujisokota. Utumbo mkubwa, ile sehemu ya mwisho upande wa kushoto, unajizungusha kama kamba ya ndoo kisimani, basi choo hakipiti, upepo haupiti, tumbo linapanda upande mmoja. Daktari wa Upasuaji alitufundisha kugonga kwa vidole viwili. Tumbo la huo ugonjwa linalia kama debe tupu. Halafu unaweka sikio. Likinguruma, kuna matumaini. Likinyamaza kabisa na limekuwa gumu kama meza, kimbia ukaite daktari. Na kuna swali moja lazima uulize, hata kama mgonjwa ni chifu: umejamba lini?

Si kila tumbo ni la kuingizwa mpira kwa nyuma, lakini. Kuna Msomali mmoja mwenye malori alikuja ameshika kitovu, tajiri wa chai ya rangi na hasira, na ugonjwa wake ulikuwa vidonda vya tumbo, dawa yake ni ya kunywa. Aliponiona na ndoo akaruka kitandani. "Warya! Mimi tumbo inachoma, haijajisokota! Hiyo mpira yako peleka kwa wakulima!" Tulicheka wiki nzima. Narudi.

Dawa ya kujisokota ilikuwa hivi. Unamlaza mgonjwa ubavu wa kushoto, magoti kifuani. Daktari anaingiza bomba fupi la chuma lenye taa, anaangalia njia, halafu ndani ya hilo bomba unapitisha mpira mrefu uliopakwa mafuta. Hausukumi. Unangoja utumbo upumue, unazungusha kidogo, unangoja tena. Ukifika pale kwenye fundo na ukapita, ruka kando, bwana, maana kila kitu cha siku tatu kinakuja mara moja. Mgonjwa aliyekuwa anaandika wosia anaanza kuuliza ugali. Mpira unaufunga pajani kwa plasta siku mbili ili utumbo usirudie mchezo, na upasuaji unapangwa baadaye kwa utulivu.

Madaktari walikuwa wachache, basi tukafundishwa sisi wawili kupitisha mpira. Mkono wangu ulikuwa mwepesi kuliko wa Wafula. Hata leo nitasema. Lakini mgonjwa akiingia, Daktari angetoa kichwa mlangoni: "Niitieni Wafula." Mimi nimesimama hapo hapo na aproni nimevaa! "Niitieni Wafula." Nilikuwa nikiisikia hata nikikamua ng'ombe.

Wafula alikuwa na mtindo wake. Angekaa kitandani amuulize mzee habari ya ng'ombe wake, mvua, watoto, halafu ndiyo amnong'oneze lile swali, na mzee anajibu bila aibu. Jamaa za wagonjwa walikuwa wakimletea kuku. Mimi nikiona kuku namwambia, "Huyo ana kideri, usile." Nilimfichia mkebe wa mafuta ya mpira, akazunguka wodi nzima, mwisho nikamwonyesha mimi mwenyewe na akanishukuru. Nilikuwa naomba Mungu ile ndoo ya mpira immwagikie Wafula, na kweli alimwagikiwa mara nyingi, akacheka kuliko sisi wote. Mtu wa namna hiyo utamfanya nini?

Siku moja nikamwuliza Daktari waziwazi. "Na mimi je?"

Akanitazama. "Kosgei, mkono wako ni mzuri kuliko wa Wafula. Lakini mpira ukimkatalia Wafula, ananiambia. Wewe utaniambia?"

"Nitakuambia, Daktari."

"Haya. Tutaona."

Ikafika mwaka ule wa kupiga kura kwa mlolongo, watu wanapanga laini nyuma ya mtu wao. Wafula aliomba ruhusa asubuhi akapange laini. Daktari alikuwa theata, anapasua mtu. Ndipo pikapu ikaleta mzee mmoja mkulima kutoka Moi's Bridge, amelazwa juu ya magunia, mkewe anamshika kichwa. Tumbo lilikuwa limepanda mpaka shati haifungi. Sista akaenda mlango wa theata kuuliza, akarudi na jibu: Kosgei ajaribu mpira, na akiona kitu chochote kibaya asimamishe, aite.

Nilifurahi, siwadanganyi. Wafula hayuko.

"Mzee, upepo umetoka lini?" nikamwuliza. Akageuza uso ukutani. Mkewe akajibu, "Tangu juzi."

Nikapitisha mpira. Ukafika kwenye fundo, ukakataa. Nikauchomoa nikaangalia ncha. Ilikuwa na maji meusi kama kahawa, yenye damu, na harufu ya kitu kilichokufa. Sasa, hata mfagiaji wa wodi ile alijua maana yake. Utumbo umeanza kufa, ukisukuma tena unaweza kuupasua, na mgonjwa huyo ni wa kisu sasa hivi, hata chai usimalize.

Nilijua. Nikaangalia mlango wa theata, na kichwani sikumwona yule mzee. Nilimsikia Daktari akisema, Kosgei ameshindwa, niitieni Wafula. Sista alikuwa amegeuka anamtafutia mgonjwa mwingine mshipa. Nikapangusa ile ncha kwa kitambaa, nikatupa kitambaa ndani ya ndoo, nikapaka mafuta tena.

Mzee akanishika mkono. "Kijana, imekubali?"

"Inakubali, mzee. Tulia."

Nilikuwa nimeanza kuuingiza tena mpira, ndipo Wafula akatokea, viatu vyeupe kwa vumbi la kura. Hakuniuliza kitu. Akaangalia ndoo, akainua kile kitambaa, akanusa. Kisha akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Toa, ndugu yangu. Toa polepole."

Nikatoa. Yeye akakimbia theata na vile viatu vya vumbi, mahali ambapo hata mkuu wa hospitali alikuwa akivua.

Mzee alipasuliwa mara moja. Utumbo ulikuwa umekuwa mweusi kama maini, wakakata kipande kirefu, na akapona. Daktari alitoka amelowa jasho, akatukuta tumesimama kando ya sinki.

"Kama mngechelewa kidogo, ningemkuta amekufa. Nani aliona ile damu?"

Mimi nikageukia sinki nikafungua maji.

"Kosgei ndiye aliona," Wafula akasema. "Mimi alinituma tu."

Na hapo hakusema uongo wote, maana ni kweli mimi ndiye niliona. Daktari akanipiga bega. "Uliniahidi, na umetimiza."

Vijana huniuliza nilistaafu lini, na mjukuu wangu anayesoma uuguzi anataka kuona barua yangu ya pensheni. Barua hakuna. Wenzangu wana pensheni, mimi nina ng'ombe watatu na hadithi hii, na niliwaambia nyumbani kwamba mgongo ulikataa kazi. Mgongo ulikuwa mzima.

Asubuhi baada ya yule mzee kupasuliwa, aliletwa mgonjwa mwingine wa kujisokota, kijana wa shamba, tumbo bado linanguruma vizuri. Daktari akatoa kichwa mlangoni.

"Niitieni Kosgei."

Miaka yote nilikuwa nangoja hayo maneno. Wafula mwenyewe ndiye alinishikia mkebe wa mafuta. Mpira ulipita kama unajua njia, upepo ukatoka, ndoo ikajaa, mgonjwa akaita jina la mama yake kwa raha. Daktari akasema, "Safi sana." Na aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote, huku anacheka, alikuwa Wafula. Nilimtazama uso wote nikitafuta hata tone la wivu. Hakuna.

Nikanawa mikono mpaka viwiko. Nikatundika aproni kwenye msumari wangu.

"Wapi tena?" Wafula akauliza.

"Naenda dukani, sabuni imeisha."

"Saa nne chai. Usichelewe."

"Sichelewi."

Nikapita getini, nikapita duka la sabuni, nikashika barabara ya kwetu Kesses kwa miguu, napita kando kama baba. Niliambiwa baadaye kwamba saa nne Wafula alimimina vikombe viwili, kimoja akakifunika na kisahani.