Sufuria ya Buluu

Nikikaanga vitunguu katika sufuria hii ya buluu, harufu hunirudisha Jeddah, jikoni kwa madam, mke wa kafili, mdhamini wetu. Nyumba ilikuwa mpya, ya fedha za mafuta, bado ikinuka rangi. Mama alipika, mimi nilishika upindo wa kanga yake.

Madam alionja pilau, akaigonga sufuria kwa kijiko.

"Umeipata wapi?"

Ikama zetu, vibali vya kuishi, zilikuwa kabatini mwake. Sema sokoni, mama, niliomba kimoyomoyo.

"Kwa bibi wa Kiyahudi, Nairobi, tulipokimbia mapinduzi Unguja."

"Mayahudi wote wamelaaniwa!"

"Huyo simlaani, madam. Alitupa chumba, akaninunulia sufuria yangu mwenyewe nisile kwa mashaka ya haramu. Alisema hataki Jina la Mungu litiwe doa nyumbani mwake kwa mgeni kutendewa vibaya. Wallahi, hatukanwi mbele yangu."

Madam alitupa kijiko, akatoka. Siku tatu nililala na viatu miguuni, nikingoja kufukuzwa. Hatukufukuzwa.

Jana mgeni aliisifu sufuria, akaniuliza nimeitoa wapi.

"Sokoni," nikasema.