Kiti Kisicho na Upande

Saa tano na nusu asubuhi, mlango wa Sinema Mayalu mjini Ghorahi umefunguliwa nusu, na Dilsari Gharti amesimama kwenye ile nusu iliyo wazi. Mkononi ana tochi. Tiketi anazichana bila kuzitazama. Anachotazama ni sura.

Mzee mmoja anayetembea kama amemeza fimbo anaelekezwa kulia. Fundi pikipiki mwenye mafuta kwenye kucha anaelekezwa kushoto. Mwanamume mwingine anataka kwenda kushoto pia, karibu na feni, lakini Dilsari anamzibia njia kwa bega.

"Samahani kaka, kule kuna kiti kibovu. Njoo huku."

Kiti ni kizima. Kibovu ni kitu kingine: mwanamume huyo alikuwa jeshini wakati wa vita, na upande wa kushoto leo umejaa watu waliokuwa msituni wakipigana na jeshi hilohilo. Vita viliisha zamani, wenyewe wamekuwa majirani, wanauziana mbuzi na kuchangiana misiba. Ila taa zikizimwa na risasi zikianza kulia kwenye pazia la sinema, ujirani unabaki nje ya mlango.

Hakuna aliyeandika sheria hiyo ya viti. Dilsari aliitunga mwenyewe, na mji mzima unaifuata bila kuisema. Jeshi kulia, msitu kushoto, waliofiwa katikati, nyuma kidogo, karibu na mlango, ili atakayezidiwa apate pa kutokea.

Wiki hii ameongeza umakini. Filamu inayoonyeshwa ni ya vita vyao wenyewe, imepigwa picha kwenye milima ileile wanayoiona kutoka uani, na Jumamosi iliyopita watu walishikana mashati. Viti vitatu vilivunjika. Mwenye ukumbi, Lokraj Pradhan, mtu mpole mwenye kitambi na mashaka mengi, alimwita Dilsari akampa neno moja tu: likirushwa kofi lingine, funguo anampa mtu wa maharusi, anayetaka kuugeuza ukumbi wa harusi. Mtu huyo ameshakuja mara mbili kupima ukumbi, akasimama chini ya dari akionyesha kwa kidole pa kuning'iniza maua.

"Sinema inanilipa hela ya mboga tu," anasema Lokraj, "harusi hazina upande. Watu wanakula, wanacheza, wanakwenda."

Dilsari, mwenye umri wa miaka arobaini na tatu, hana shida na harusi. Mshahara wake wa rupia elfu kumi na tatu angeupata hata kwa kuosha masufuria ya hao maharusi. Anachoogopa kupoteza ni mlango.

Kaka yake, Tekman, alipenda sinema kuliko wali. Alikuwa anaruka ukuta wa nyuma wa Mayalu, anaingia bure, anakaa kwenye kiti cha kwanza pembeni mwa njia ya katikati, ili akifukuzwa akimbie upesi. Alikuwa na miaka kumi na tisa watu walipokuja nyumbani kumchukua. Walijifunika nyuso, hawakuvaa sare, hawakutaja upande. Mpaka leo, zaidi ya miaka ishirini, hakuna kaburi, hakuna habari, na kila upande unaapa kuwa ni wale wengine.

"Tekman akirudi mjini, atapita hapa kabla ya nyumbani," anasema Dilsari, akisugua kioo cha tochi kwa pindo la shali. "Namjua. Akikuta watu wanakata keki, atageuza."

Anaulizwa anawezaje kuwahudumia watu wa pande zote mbili.

"Sijui nimchukie nani, kwa hiyo nawapa viti wote."

Nje, kwenye benchi la chai, walioshaonyeshwa viti wametoka kusubiri onyesho la saa sita, na wameshaanza kuichambua filamu, wengi wao kwa mara ya tatu. Kuilaani wanailaani, tiketi wananunua. Mzee Chandrabir Khadka, yule wa mwendo wa fimbo, aliyestaafu jeshini na cheo cha jemadari, ana orodha ya makosa kichwani na hahitaji kuombwa aitaje. Kijana wa kwenye filamu anarudi likizo kijijini kwao akiwa amevaa sare. Nani huyo? Enzi zile askari aliyekwenda likizo sare aliificha ndani ya gunia la mchele, na kama hakuwa na gunia hakwenda. Halafu anapigwa risasi tatu za kifua darajani, anakaa anahutubia dakika nne nzima.

"Dakika nne," anarudia mzee. "Mimi nikipanda ngazi ya ukumbi tu siwezi kusema dakika nne."

Yule fundi pikipiki, Purna Oli, ana malalamiko ya upande wake. Anasema wapiganaji wa msituni wamefungwa vitambaa vyekundu vichwani kama wachezaji ngoma, wanajificha porini huku wanang'aa kama nyanya. Lakini hadithi yenyewe anaipenda. Kwake filamu si ripoti ya polisi. Akitaka ukweli, anasema, anavua shati anatazama kwenye kioo makovu ya mgongoni.

Karibu nao amekaa Mama Tulsa Basnet, ambaye mwanawe alikuwa askari na aliuawa darajani kama yule kijana. Filamu hii ameiona kila siku tangu ilipoingia. Anasikiliza mjadala wa dakika nne mpaka unaisha, kisha anaweka kikombe chini.

"Wangu niliambiwa hakusema hata neno. Huyu anasema. Mwacheni aseme."

Benchi zima linamaliza chai.

Saa sita mlango unafungwa. Dilsari anasimama nyuma, tochi imezimwa, Lokraj pembeni yake na funguo mkononi. Wanatazama visogo vya watu.

Mambo yanakwenda salama mpaka kwenye sherehe. Kwenye filamu ni siku ya kaka na dada, ile ya mwisho wa Tihar, sikukuu ya taa. Dada anamzungushia kaka yake mafuta, anampaka tika ya rangi saba kwenye paji la uso, anamvisha lile shada la maua ya rangi ya damu ya mzee yasiyonyauka. Limebaki jambo moja: kuvunja jozi, lile kokwa gumu la kuliwa, kwa jiwe pale mlangoni, ili mauti yasipate pa kuingilia. Kabla jiwe halijashuka, milio ya risasi inasikika bondeni. Dada anakurupuka. Jozi linabaki zima kizingitini, kamera inalitazama, linatisha kuliko bunduki. Kesho yake kijana anaelekea darajani.

Hapo ndipo umeme unakatika.

Pazia linakufa, feni zinalegea, giza linakaa. Jenereta ipo ila dizeli imekwenda kununuliwa. Kwa muda inasikika karanga moja tu ikimenywa. Kisha sauti ya Mzee Khadka inatoka kulia, imara kama yuko gwaride.

"Uongo mtupu. Hakuna dada anayesahau jozi. Nyumba ingekuwa inaungua, angelivunja kwanza."

"Ni hadithi, mzee," inajibu sauti ya Oli kutoka kushoto. "Asiposahau, huyo kijana atakufa kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ninyi mlimpiga risasi."

Karanga inaacha kumenywa. Kiti kinafyatuka kushoto, tap, kinajirudi kwenye mgongo wake. Kingine kinafuata, kisha vingi kwa pamoja, pande zote mbili, na kila aliyewahi kufanya kazi ukumbini anajua mlio huo ni wa watu kusimama. Mtu anamuuliza Oli kwa nini amenyamaza. Mwingine anauliza na wale waliotolewa majumbani usiku walichukuliwa na nani, na kundi la maharusi? Vishindo vya viatu vinasogea kwenye njia ya katikati. 

Dilsari anawasha tochi.

Hammuliki mtu. Anatembea mpaka katikati ya njia, anasimama kati ya Khadka na Oli, ambao wamebakiza hatua mbili kugusana, na anamulika sakafu. Mwanga unaonyesha viatu tu. Vya kulia na vya kushoto vyote vina vumbi moja.

"Mimi nilivunja," anasema. Hapazi sauti. "Mwaka ule Tekman alipochukuliwa. Mafuta nilizungusha mara tatu. Shada nililisuka mwenyewe. Jozi nililivunja kwa pigo moja, mama akanisifu. Siku mbili baadaye wakaja. Kwa hiyo Mzee Khadka, kweli, dada hasahau. Na wewe Purna, hakukuwa na sababu. Huo ndio uongo wa hii filamu, kwamba jozi lingevunjwa angepona. Sasa kaeni. Nyote mlikuwepo enzi hizo, mimi sijamuuliza mtu nani alimchukua."

Hakuna anayekaa. Hakuna anayesogea pia. Kisha kutoka nyuma, katikati, inakuja sauti ya Mama Tulsa, kavu.

"Mwanangu Dilsari, uliyosema ni kweli. Lakini mimi niachie jozi langu. Kufa kwa sababu ya jozi ni afadhali kuliko kufa bure."

Dilsari anageuza tochi kuelekea kwake, taratibu, mpaka mwanga unafika miguuni pake.

"Sawa mama. La kwako libaki."

Mzee Khadka ndiye anayekaa kwanza. Anajishusha kwenye kiti kilicho karibu, na kwenye giza lile hajui, au anajua, kwamba kiti hicho kiko kushoto. Oli anabaki amesimama kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua. Kisha naye anakaa. Jenereta inakohoa uani, pazia linaamka.

Kijana anapigwa darajani. Anasema dakika zake nne. Khadka, ambaye siku zote sehemu hii hutoka kwenda kuvuta sigara, anatazama mbele mikono ikiwa magotini. Hakuna anayepiga mluzi.

Baadaye, kwenye benchi la chai, hawajapatana hata kidogo. Mzee bado anasema risasi tatu ni risasi tatu. Oli bado anasema mzee huyu hata ndoto zake anazikagua. Lokraj amerudisha funguo mfukoni. Mtu wa maharusi ameambiwa asubiri Tihar ipite, baada ya hapo Lokraj mwenyewe hajui. Dilsari naye hajui. Hakupigwa kofi mtu, na kwa leo hilo linatosha.

Tihar ni wiki mbili zijazo. Jozi la mwaka huu ameshalinunua, liko kwenye mfuko wa koti pamoja na betri za akiba. Atalivunja hapa, kwenye kizingiti cha ukumbi, kama kila mwaka, ingawa haamini tena kwamba linazuia kitu. Anasema anataka Tekman akija akute maganda, ajue ni siku gani.

Kuna jambo moja kuhusu filamu ambalo hajawahi kulieleza benchini. Miaka kumi na saba kazini, hajaona mwisho wa filamu yoyote. Mwisho ukikaribia, yeye hutoka kwenda kufungua milango.

"Siku hiyo nitamwambia bosi afungue mwenyewe," anasema, akimulika kiti cha kwanza pembeni mwa njia, ambacho tiketi yake haiuzwi na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. "Tekman atakaa pale, mimi nitakaa pembeni yake, tuone inaishaje."

Onyesho la saa tisa linakaribia. Watu wameanza kupanga foleni. Dilsari anapanguza kiti kwa kiganja, anakunja sehemu ya kukalia ili vumbi lisiingie, na anarudi mlangoni.