Kichwa Alichokichora Mwalimu Vainqueur

Miaka kumi na saba Mwalimu Vainqueur alifundisha biolojia katika shule moja ya sekondari katika mji wa Baraka, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kumshika nyoka. Habari za nyoka alizisoma kutoka kwenye daftari lake la chuo, ambalo kona zake zilikuwa zimelika kwa kufunuliwa. Aliyajua magamba, aliyajua meno. Wanafunzi walimwita Dokta wa Banyama. Alijifanya hasikii, lakini jina hilo lilimpendeza.

Mwezi wa tatu, watu waliokuwa wakifyeka shamba la mihogo upande wa mto Mutambala walimletea nyoka ndani ya ndoo iliyofunikwa kwa kitenge. Alikuwa mfupi, hata mita moja hakufika, wa kahawia mwenye madoadoa mekundu. Hakujaribu kuuma mtu. Alijikunja akawa kama mpira, ncha moja ya mwili ikabaki nje, ikiyumba polepole.

"Tulitaka kumupiga," alisema mmoja wao, "lakini tukasema, tumupeleke kwa mwalimu, yeye njo anajua."

Mwalimu akamtazama kwa muda. "Ni boa," akasema. "Boa wa udongo. Hana sumu."

Hapo alisema kweli. Makosa yalianza baadaye.

Alimweka katika kabati la zamani lenye mlango wa kioo, kwenye chumba cha vifaa vya sayansi, karibu na dirisha ili aonekane vizuri. Chini akatandika gazeti. Akamwambia prefe, mkuu wa shule, kwamba baada ya wiki tatu wazazi waalikwe, waje kuona boa anavyokula. Prefe akafurahi, tangazo likabandikwa mlangoni.

Basi kila siku madarasa yakaja kwa zamu. Watoto waligonga kioo. Mwalimu alimtoa nyoka, akampitisha mezani, akamrudisha, akamtoa tena. Nyoka alijikunja kila mara. Siku ya nne mwalimu alimtilia panya mkubwa aliye hai. Asubuhi yake panya alikuwa mzima kabisa, na nyoka alikuwa na jeraha la meno mgongoni.

Baada ya hapo akaanza kumlisha kwa kijiti. Alichomeka kipande cha nyama kijitini, akakisogeza kwenye ile ncha iliyobaki nje, ya mviringo, yenye alama nyeupe. Ncha ikayumba, ikaepa. Mwalimu akaichora ubaoni, kubwa, kwa chaki, na wanafunzi arobaini wakaichora katika madaftari yao.

"Macho yake ni madogo sana," alieleza. "Hayaonekani kwa urahisi."

Mwanamke aliyekuwa akifagia ukumbini alisimama mlangoni. Alikuwa Uwamwiza, ambaye wengi walimwita Mama Gisa. Alikuwa ameshuka kutoka Bibokoboko, kule milimani, wakati wa vurugu, na shule ilimpa kazi ya usafi. Kwa kawaida alifanya kazi yake bila kusema na mtu.

"Mwalimu, samahani," akasema kwa sauti ya chini. "Ule haiko kichwa. Njo mukia. Kichwa iko ndani, anaificha. Mumufunike na mumuache, atakula."

Watoto wakamgeukia mwalimu. Mwalimu akahisi masikio yake yakipata moto. Angeweza kuinama akaangalia. Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika moja. Badala yake akacheka.

"Mama Gisa, nani alikuuliza? Ninyi bantu ya milima munajua ngombe. Nyoka uniachie miye."

Watoto wakaangua kicheko. Wengine walirudia maneno yale, bantu ya milima, bantu ya milima, naye hakuwakataza. Uwamwiza akaokota ufagio wake akaenda.

Ijumaa, baada ya watoto kutawanyika, mwalimu alibaki peke yake katika chumba cha vifaa kusahihisha mitihani. Chumba kilikuwa kimya. Aliposikia gazeti likikwaruza, akainua macho. Nyoka alikuwa amejikunjua. Kutoka upande wa pili, upande ambao hakuna mtu aliyeuangalia, ulimi mdogo ulitoka ukarudi, na juu yake kulikuwa na jicho. Jicho dogo jeusi, lisilofichika hata kidogo.

Mwalimu aliweka kalamu chini. Kwa wiki mbili alikuwa akiulisha mkia.

Jumapili kanisani, wenzake wakiimba, yeye alitafuta njia ya kujitoa. Alifikiri kumrudisha nyoka porini na kusema amekimbia. Alifikiri kumwambia prefe kwamba mnyama ni mgonjwa, na hilo kweli alilisema Jumatatu, tangazo likatolewa mlangoni. Kisha akafanya jambo ambalo baadaye lilimuumiza kuliko kicheko chake. Alifuata shauri la Uwamwiza kwa siri. Alileta udongo wenye unyevu na majani makavu, akaweka kibakuli cha maji, akafunika kioo kwa gunia, akafunga chumba kwa ufunguo. Prefe alipomuuliza, akajibu kwamba ndivyo wataalamu wanavyofanya.

Nyoka akajichimbia chini ya majani na jeraha likaanza kukauka. Lakini nyama hakuigusa. Siku zikapita, ngozi yake ikaanza kulegea ubavuni. Mwalimu hakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza.

Alimkuta Uwamwiza kwake, chumba cha kupanga alichokaa na dada yake Gatesi, akimenya mihogo juu ya beseni. Mwalimu alikuwa ameandaa maneno njiani. Yote yakapotea.

"Karibu, Mwalimu," Uwamwiza alisema. "Gatesi, muletee mwalimu kiti. Chai iko?"

Kile kiti kilimchoma. Angependa afukuzwe. Alikaa, akashika kikombe bila kunywa, mwishowe akasema, "Mama Gisa, ulisema kweli. Nilikukosea. Unisamehe."

Uwamwiza akaendelea kumenya. "Ulinicheka mbele ya batoto makumi ine," akasema. "Sasa unaniomba musamaha mbele ya mihogo."

Gatesi akageuka pembeni.

"Nyoka anakula?" Uwamwiza akauliza.

"Hapana. Anakonda."

"Unamupa nini?"

"Nyama. Na mwanzo panya mukubwa."

Uwamwiza akatikisa kichwa. "Kule kwetu, shamba letu lilikuwa chini, kwenye pori. Jirani yetu, mama mumoja wa kabila Mubembe, njo alinifundisha. Alisema, huyu usimupige, anaingia ndani ya shimo, anakula batoto ya panya, wale hawajaota manyoya. Ana kinywa kidogo. Na ana haya. Ukimuangalia hakulake kitu."

Alikuja kesho yake kwenye chumba cha vifaa, akasema wazi kwamba anakuja kwa ajili ya mnyama. Katika stoo ya mahindi ya jirani alipata kiota cha panya, akaleta vitoto vinne vyekundu. Wakaviweka ndani ya kipande cha mwanzi mpana, wakakizika nusu kwenye udongo, wakafunika, wakaondoka. Mara ya kwanza havikuliwa. Uwamwiza hakushangaa. "Bado anaogopa," alisema. Wakasubiri siku sita bila hata kufunua gunia, kisha wakarudia. Asubuhi mwanzi ulikuwa mtupu, na chini ya majani nyoka alilala, katikati ya mwili wake pamevimba.

Mwalimu alifurahi mpaka akasahau, akageuka ili wacheke pamoja. Uwamwiza alikuwa akifunika kioo. Hakucheka.

Jumatatu aliwaambia wanafunzi wafungue ukurasa wa boa, waufute mchoro. Akachora upya, kichwa mahali pa kichwa. Kisha akasema, na mikono yake ilikuwa na chaki mpaka kwenye kiwiko:

"Mama Gisa aliniambia ukweli mbele yenu, nikamtukana yeye na watu wa kwao. Ninyi mlicheka kwa sababu mimi nilicheka. Aibu ni yangu. Na boa hakulishwa na mimi. Amelishwa na yeye."

Mlango ulikuwa wazi. Ufagio ukumbini ulisimama kidogo, halafu ukaendelea.

Msichana mmoja, Arlette, akainua mkono. Hakuwa na dharau, alitaka kujua tu. "Mwalimu, na vile vingine vyote ulitufundisha?"

Alisimama akiwa ameshika chaki. "Vingine sijaviona kwa macho," akasema. "Nilivisoma."

Boa alikula mara nne zaidi. Kabla ya likizo ya mwezi wa saba walimrudisha Mutambala, Uwamwiza akibeba ndoo kichwani. Walimwacha chini ya gogo lililooza, akaingia bila haraka. Mwalimu akasema atamwita motari mwenye pikipiki amrudishe mjini. Uwamwiza akasema asante, atatembea. Akatangulia, naye mwalimu akabaki nyuma kidogo, hakuthubutu kuharakisha wala kumpita.