Bundi wa Athene Nyumbani Kwangu Bwiza

Niliporudi Bujumbura wakati wa vita, wenzangu wakihangaika kutoka, watu waliniita kichaa. Niliwaacha waseme. Nilikuwa na diploma ya Ulaya, niliyoilipia mwenyewe kwa kuosha sahani za mahoteli, bila baba wala mjomba wa kunishika mkono. Na nilikuwa na kisanduku cha sarafu za kale. Si mtaani kwetu Bwiza tu. Hata kwa wakubwa wa Kigobe sidhani kama kulikuwa na mtu mwenye hazina kama ile.

Jumapili mchana nilizipanga juu ya kitambaa cheusi: shaba za Kirumi zenye rangi ya jani la mgomba lililokauka, wafalme waliolika pua, medali ya vita ambavyo hakuna anayevikumbuka. Risasi za milimani zilisikika kama mtu anayekung'uta mkeka mbali. Nikishainamia kioo cha kukuzia, mji uliondoka taratibu. Nilitembea katika soko la watu waliokufa, nikanunua zeituni, tunda ambalo hata silipendi.

Iliyozipita zote ilikuwa sarafu nzito ya fedha ya Athene. Upande mmoja mungu wa kike mwenye kofia ya vita. Upande wa pili bundi, macho yake makubwa yakinitazama.

Mama mkubwa, dada ya mama yangu, ndiye aliyenilea. Alikuwa amehamia kwangu baada ya mapigano kufika kwake Ruziba. Jumapili moja aliniletea chai, akainama juu ya meza.

"Ndege gani huyo?"

"Bundi, mama mukubwa. Kwa Wagiriki wa zamani ni ndege wa akili."

Aliweka kikombe chini. "Na hao Wagiriki wako wapi?"

"Walikufa. Ni zamani sana."

"Unaona?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Bundi alilia juu ya paa lake kule Ruziba, alisema, na kesho yake mume wake akauawa shambani. "Mi nimemukimbia huyo ndege, we umemuleta ndani, umemutandikia na kitambaa!"

Nilimweleza vizuri, na mimi nikieleza jambo hueleweka.

"Hiyo diploma yako inafukuza kifo?"

"Apana, lakini..."

"Basi."

Asubuhi nilimkuta amefunga nguo zake ndani ya kitenge, anarudi Ruziba. Kila mtu alijua barabara ile. Wiki hiyohiyo basi lilikuwa limepigwa risasi, na jirani yetu aliyekuwamo hakurudi.

"Mama mukubwa, kule wanaua watu!"

"Kule bundi yuko inje. Hapa yuko ndani."

Nilisimama mlangoni. Nikamwomba anisubiri, nikachukua ile sarafu ya bundi, nikashuka mjini kwa miguu. Ziwa lilikuwa jeupe, milima ya Kongo imening'inia hewani bila shina, na sarafu ilipata joto ndani ya ngumi yangu kama kitu kinachopumua.

Nilimpelekea mzee Mgiriki muuza vitambaa, mzaliwa wa hapahapa. Aliipeleka mlangoni penye mwanga, akaigeuzageuza.

"Unauza?"

"Siuzi. Ichukue. Mama yangu anamuogopa bundi."

"Bibi yangu pia alikuwa anamuogopa."

"Na yeye yuko wapi?"

"Alikufa," alisema, akacheka hadi akakohoa. Lakini ngumi yake ilikuwa imeshaifumbata sarafu.

Niliporudi, mama mkubwa alikuwa amekaa juu ya furushi.

"Umemupeleka wapi?"

"Kwa wenyewe."

Hakuniamini. Alifungua kisanduku, akageuza sarafu moja moja, akipapasa nyuso za wafalme kwa kidole gumba, mpaka ya mwisho. Kisha akajilaza mkekani, mchana kweupe, akalala mdomo wazi kama mtoto. Tangu atoke Ruziba sikuwa nimemwona amelala hivyo. Nilikaa kando yake nikimfukuzia nzi kwa gazeti, nikiomba majirani wasiwashe redio.