Kabla Hujafungua Kopo la Rangi

Siku ile bado naikumbuka, ingawa siku hizi nasahau hata nilikoweka miwani yangu. Nilikuwa mtoto wa rika la mwanao Tumaini, tukikaa hapa hapa Dodoma, Chang'ombe, na nilikuwa nimesimama juu ya kitanda changu nikikwangua ukuta kwa kucha. Bibi mzaa mama, aliyefika asubuhi hiyo kutoka kijijini kwao Hombolo, akaingia akanikuta hivyo. Akaniuliza nafanya nini. Nikamjibu, bila hata kugeuka, kwamba namsaidia mama arudi.

Keti hapa karibu na mama yako, mwanangu. Nimeyaona makopo ya rangi uliyoyapanga barazani, na nimekusikia ukimwambia fundi chumba cha mtoto kiwe cheupe kabla ya Jumapili. Mimi sina ugomvi na rangi. Ule ukuta wa kijivu kizito alioutaka marehemu mkeo hata mimi sikuupenda. Nilimwambia, akacheka, akasema mama, ndiyo mambo ya kisasa. Lakini leo utanisikiliza mpaka mwisho, na hiyo simu iweke pembeni.

Mama yangu aliugua muda mrefu. Ugonjwa ulimshika kichwani, mwanga ukawa unamchoma macho. Chumba changu ndicho kilichokuwa na dirisha dogo, basi baba akakipaka rangi ya mafuta, bluu nzito kama kaniki, na mama akahamia humo. Tukawa tunalala kitanda kimoja. Nikiamka naona ule ukuta mbele yangu na kumsikia mama akihema nyuma yangu. Sura yake imeanza kunitoka, mwanangu, ila ule ukuta na ile pumzi ninavyo hadi leo.

Kuna siku nilirudi kutoka shule nisimkute. Nikaambiwa amepelekwa mbali kutibiwa. Nikapelekwa kukaa kwa jirani, na nikiingia watu wazima wananyamaza, nikila napewa kipande kinono kuliko watoto wa mle ndani. Mtoto si mjinga. Anajua kuna jambo, asichojua ni jina lake. Kumbe mama alikuwa ameshazikwa kule Hombolo, na mimi sikupewa hata nafasi ya kumtilia udongo. Baba hakuwa mtu mbaya, nisimseme vibaya marehemu. Alishindwa tu kulitamka lile neno, akaliacha limkae kooni.

Niliporudishwa nyumbani nilikuta amekipaka chumba rangi nyeupe. Alikipaka mwenyewe, haraka haraka, rangi ya maji juu ya ile ya mafuta, bila kupiga msasa. Alidhani akiuondoa weusi ule nami nitaacha kuuliza. Nikaacha kweli. Lakini rangi ya maji haishiki juu ya mafuta, na jua la Dodoma unalijua. Haukupita muda ikaanza kujikunja na kubanduka. Bluu ikachungulia, kwanza karibu na dirisha, halafu juu ya mto wangu. Nilifurahi, wewe! Nilijua mama yuko njiani, na kila bluu ikizidi ndivyo naye anavyokaribia. Baba akawa anapaka, mimi nabandua, kila mtu na kazi yake, wala hatusemeshani.

Ndivyo bibi alivyonikuta. Aliposikia jibu langu alikaa kitandani, akavua kitambaa cha kichwa. Baba alikuwa amesimama mlangoni na brashi mkononi. Sasa ujue, enzi zile kwetu Ugogo mama mkwe na mkwewe walistahiana sana. Hawakutazamana usoni, na neno zito halikutoka kwa mmoja kwenda kwa mwenzake moja kwa moja. Hata salamu zao nilizibeba mimi. Bibi hakuwahi kumkemea baba. Basi aliugeukia ukuta, akauwekea kiganja, akasema nao.

"Wewe ukuta, mwambie mwenye nyumba. Mwanangu nimemzika, nimemlilia. Huyu mjukuu wangu bado anamngoja. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sasa anayekificha kifo chenyewe ataumbuliwa na nani? Ataumbuliwa na mtoto wake."

Akainuka akatoka, akatuacha wawili. Nilimtazama baba nikisubiri aniambie kwamba bibi amekosea, uzee huo. Baba akaiweka brashi chini.

"Mama yako amefariki," alisema. "Hatarudi."

Nililia mpaka sauti ikakauka. Nilimpiga ngumi za kifua, naye hakunishika mikono. Sitakudanganya kwamba nilipata nafuu siku ile. Tulikwenda Hombolo nikaonyeshwa kaburi, na tuliporudi tukaupiga msasa ule ukuta pamoja, vumbi la bluu likatujaa kwenye nywele. Ndipo akapaka nyeupe ikashika. Lakini imani haikushika upesi namna hiyo. Kwa miaka mingi baba akisema anakwenda dukani, mimi namfuata nyuma nihakikishe ni dukani kweli. Alikufa akiwa na jeraha hilo, na mimi ninalo hadi leo.

Sasa nisikilize, maana hili ndilo lililonikalisha hapa. Jana Tumaini alinishika mkono akanipeleka chumbani kwake. Akanionyesha pale ukutani mama yake alipozoea kuegemea akimsimulia hadithi, pana alama ya mafuta ya nywele. Akaniambia, "Bibi, mkataze baba asipake. Mama akirudi kutoka masomoni hatakijua chumba."

Umemwambia mama yake yuko masomoni. Masomo yana likizo, mwanangu, na safari ina kurudi. Kila geti likilia atanyanyua kichwa. Usimpe mtoto neno ambalo ndani yake mna kurudi. Mpe lenyewe, amefariki, na ulitamke wewe, usimwachie shangazi wala mchungaji. Mshike unapolisema. Chozi likikujia liache, mtoto akikuona unalia atajua na yeye anaruhusiwa. Kisha mpeleke kaburini. Yote hayo yakishapita, muulize anataka rangi gani, na akisema ukuta ubaki wa kijivu, nyumba haitaanguka. Lakini kopo hata moja lisifunguliwe kabla kinywa chako hakijafunguka.

Mungu akupe ulimi wa kulisema na mikono ya kumshika akishalisikia. Amlaze mkeo pema, na amjalie mtoto huyu asikufuate dukani.

Fundi niachie mimi, nitamwambia arudi siku nyingine. Haya, inuka. Geti limelia, ametoka shule.