Ngamia wa Saruji Aliyelambwa Mbele ya DC

Niliwahi kulambwa uso na ngamia mbele ya DC, mbele ya baraza zima la mji na mbele ya baba wa msichana niliyetaka kumuoa, na kabla hamjacheka naomba mjue kwamba mimi mwenyewe nilishachoka kuicheka hadithi hii, naieleza tu kwa sababu kila nikikaa na watu Isiolo lazima mmoja aniulize.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa fundi wa kupaka rangi hapo mjini, kuta za maduka, majina juu ya milango, kazi ndogondogo, na nilikuwa nampenda Kabale, binti wa Mzee Dida wa kule Burat. Mzee hakunichukia, lakini kila wazee wangu walipoenda kuposa alikuwa akinitazama mikono, kisha viatu, halafu anasema, "Guyo, wewe ni mtu mzuri, lakini huna hata mnyama moja, uko na brashi tu. Binti yangu atakula rangi?" Ng'ombe wa baba walikufa wote nikiwa mdogo.

Basi baraza likaamua kupamba ile bustani ndogo karibu na ofisi kwa sanamu, na sanamu kubwa kuliko zote, ngamia wa saruji amesimama, nikapewa mimi. Nikaona Mungu amenikumbuka. Nikaenda Burat kwa miguu yangu kumwambia Mzee aje siku ya ufunguzi, akae mbele, aone kama hii kazi yangu ni kazi au ni mchezo, halafu aseme neno la mwisho juu ya Kabale. Akakubali. "Nitakuja," akasema, "na hiyo siku nitakupa jibu."

Ngamia nilimsuka kwa waya na magunia, nikamkandika saruji, akatoka vizuri wallahi, nundu yake, shingo yake, hata yale magoti. Shida ilikuwa chokaa. Rangi ya mafuta baraza lilikataa kununua, na chokaa tupu ukiigusa mkono unatoka mweupe. Hapo nikakumbuka mbinu ya mafundi, kwamba chokaa ukiitia chumvi inashika. Mwenye akili angetia konzi moja akaridhika. Mimi, kwa ajili ya Kabale, nikaenda dukani nikachukua gunia la ile chumvi ya mifugo.

Mwenye duka akauliza, "Guyo, wewe umepata mifugo lini?"

"Ni ya ngamia."

"Ngamia ngapi?"

"Moja."

Akanitazama kwa huruma. "Basi hiyo ngamia ni mgonjwa sana."

Nikapaka, ikakauka, nikapaka tena, mpaka gunia likaisha, na kweli ilishika, ukisugua haitoki. (Mwaka huo mvua ilikuwa imekataa, mifugo imebaki mifupa, na mimi mtoto wa mfugaji sikuwaza lolote.)

Asubuhi ya ufunguzi nikampaka mkono wa mwisho nikiwa tayari nimevaa koti la kuazima (ujinga mwingine huo), nikasimama kando yake. Mzee Dida akafika na ngamia wake mwenye mzigo wa kupeleka sokoni, akamfunga kwenye uzio, akaketi mbele, Kabale akakaa nyuma na wanawake, na DC akaanza kuhutubia.

Wa kwanza alikuwa mbuzi mmoja wa mjini, akaja akalamba mguu wa sanamu, watu wakatabasamu, nikamsukuma taratibu kwa kiatu. Wakaja wawili. Halafu kundi zima lililokuwa likipelekwa kunywa maji likaacha barabara likaingia bustanini, mchungaji anapiga mluzi bure, na DC akapandisha sauti kama mtu asiyeona mbuzi. Ndipo nikasikia uzio unalia, nikageuka, ngamia wa Mzee Dida amekata kamba anakuja na mzigo wake wote.

Ngamia hana haja ya kuinama kwenye miguu pamoja na mbuzi, alienda moja kwa moja shingoni. Nikaikumbatia shingo ya sanamu ili nimzuie, na ule ulimi ukanipata shavuni, kisha sikioni, kisha kwenye kola ya koti la watu, maana chumvi ilikuwa imenijaa tangu asubuhi. Bustani ikaangua kicheko, DC akaweka karatasi yake chini. Tukasukumana pale, mimi na ngamia wawili, mpaka shingo ikakatika tukaanguka, kichwa cha saruji juu ya tumbo langu, na yule mnyama hana habari, analamba tu.

Mzee Dida akaja akamshika ngamia wake. Akapitisha kidole kwenye sanamu, akaonja. Hakucheka.

"Hii ni chumvi ya mifugo."

"Ndiyo, Mzee."

"Gunia ngapi?"

"Moja."

"Wanyama yetu inalamba udongo, wewe unapea simiti chumvi?" Akafuta kidole kwenye shuka. "Mimi nilikuwa nasema wewe huna wanyama. Hiyo si makosa yako, Mungu ndiye anapeana. Kumbe umesahau wanyama. Hiyo sasa ni yako."

Aliongea polepole, bila hasira, na iliniuma kuliko kicheko cha mji mzima.

Sanamu haikutengenezwa, iliachwa hivyo bila kichwa, na mbuzi wakaendelea kuja. Jioni moja nikamkuta Kabale pale na mbuzi wa kwao, wamekonda, wanalamba.

"Baba amesema niwalete kabla haijaisha," akasema. "Amesema asante."

Nikauliza kama alisema kitu kingine. Kabale akamtoa mbuzi mdogo aliyekuwa akisukumwa na wakubwa, akamweka peke yake kwenye mguu wa nyuma.

"Kuna watu walikuja kuniposa kutoka Kulamawe," akasema. "Wana ng'ombe. Baba amekubali."

Nikamwambia chini ya tumbo ndiko nilipaka nyingi zaidi, awapeleke huko. Akawapeleka.

Bado napaka rangi, sina kazi nyingine. Lakini nikiombwa kupamba kitu cha kukaa nje, nauliza kwanza nani hupita hapo na anakosa nini, halafu ndio natafuta rangi.